Jino Halijui Mlima

Mimi ndimi niliyeling'oa.
Gego la chini, la kushoto, la pili kutoka mwisho,
zima kama kokoto ya mtoni.

Bi Etelvina alikuja Januari,
ukungu wa mto Douro ukipanda naye ngazi kwa ngazi
hadi kliniki yangu, kule juu
Porto inakoishiwa na pumzi.
Mpiga pasi wa shuka za hoteli, mjane, miaka sitini na mitatu,
kiganja kimeshika taya
kama anayezuia siri isimtoke.
"Linauma njia nzima," akasema, "likifika kwako linanyamaza.
Labda linakuogopa."
Tukacheka.
Nikapiga picha: hakuna tundu, hakuna usaha.
Nikaligonga kwa kile kichuma, hakushtuka.
Lakini alitaka kitu kifanyike,
nami nilitaka kuonekana nimefanya.
Sindano ya ganzi. Koleo. Pamba.

Wiki mbili baadaye, maumivu yale yale,
sasa yamehamia kwenye pengo.

Na mengine aliyasema pembeni, akitafuta glavu zake,
kama mtu anayehesabu chenji:
kwamba pasi imekuwa nzito tangu Krismasi;
kwamba akishiba supu ya kabichi kisha akatoka kwenye upepo
kitu humkalia chembe cha moyo,
si kichomi, la, ni kama paka aliyelala hapo na hataki kuondoka,
naye amemung'unya dawa za kiungulia
hadi ulimi umegeuka chokaa;
kwamba kiwiko cha kushoto humvuta kwa ndani;
kwamba anachoka.
Uchovu gani?
"Wa kutandika kitanda, kisha nikaketi juu yake na koti langu,
nisijue nilikuwa naenda wapi."
Yote haya aliyapa jina moja: uzee.
Nami nikaandika: dawa ya kusukutua.

Alhamisi moja nilitoka kununua mkate,
nikamkuta amesimama mbele ya duka la kofia.
Kofia za kiume.
Na mumewe yuko kaburini mwaka wa sita.
Uso rangi ya jivu, jasho juu ya mdomo
katika baridi ile ya kukausha masikio.
"Unamnunulia nani?"
"Simnunulii mtu. Nasimama tu.
Hapa, na pale kwenye duka la kufuli, na pale kwa fundi viatu.
Nikisimama, jino linapoa.
Nikipanda, linaanza."

Jino halijui mlima.
Jino halijui tambarare, halijali
kama umebeba furushi la shuka au umekaa unasoma gazeti.
Kuna kiungo kimoja tu kinachohesabu ngazi,
na hakina meno.

Kilichokuwa kikimla kilikuwa nguoni mwake,
chini ya sweta la kijivu,
na hakuna hata siku moja aliyoweka mkono hapo.

Hospitalini walimwonyesha mshipa wake kwenye skrini:
mahali pamoja umesinyaa
kama ncha ya uzi uliolowanishwa mate ili upite tunduni.
Wakautanua.
Daktari wa zamu, kijana mpole, akauliza nani aliyeng'oa.
Nikasema, ni mimi.
Akaandika.

Gego ninalo bado, kwenye droo ya stempu.
Sikumbuki kwa nini sikulitupa.
Siku hizi, kabla ya kushika koleo, nawauliza wote:
linauma ukiwa umekaa, au ukitembea?
Likianza unafanya nini? Unasimama wapi?
Nao hunitazama
kana kwamba nimeuliza bei ya viatu vyao.

Jana, kutoka dirishani, nikamwona tena.
Mtaa ule ule. Amesimama mbele ya kofia.
Nikashuka ngazi mbili mbili, sina koti, sina hata ufunguo,
moyo wangu mwenyewe ukinipiga kooni.

Akageuka, akanitazama nikihema.
"Pumua, daktari," akaniambia.
"Leo natazama kofia."